Mwaka Bwana Kanga Alipotaga Mayai

Amuri alinipigia simu nikiwa Kabambare, nimeinama kwenye cherehani, nashona sare za shule. Akaniambia kwamba arobaini ya Papa Sumaili itasomwa Jumamosi kule Kasongo, na kwamba Mama Zaina, mjane wake, amesema nisikose. "Mama Feza, amesema yuko na neno la kukuuliza." Nikamuuliza neno gani. "Mimi najua? Mimi niko mutu wa pikipiki, nabeba watu, sibebi maneno." Alicheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu, lakini neno lenyewe nililijua. Nimelingojea tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Ni hili: siku ile katika sinema ya Fundi Katambwe, mbele ya watoto wote wale, Papa Sumaili alinipa mikro, yaani kipaza sauti, au nilimnyang'anya? Katika daftari langu la mwaka ule nimeandika kwa kalamu ya buluu: "Papa amenipa mikro." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara naiona imeandikwa vizuri mno, herufi zimenyooka kuliko kawaida yangu, kama za mtu anayeandika barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo naandika upya hapa. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, na mwenye kusoma anisamehe panapopinda. Habari za wazazi wangu ninaziacha. Kila mtu ana wazazi, na wangu hawakufanya jambo la ajabu.

Mwaka ule nilitoka Kabambare kwenda Kasongo kujifunza ushonaji, nikapewa chumba katika uwanja wa Papa Sumaili. Kilikuwa cha matofali ya udongo, kitanda kimoja, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na ukuta uliosimama kabla ya kufika kwenye bati, kana kwamba mjenzi aliitwa kula na hakurudi. Kwa hiyo maneno ya chumba cha pili yalipanda na kushuka kwangu kama moshi. Najua bei zote za chumvi za mwaka ule, najua ni jirani yupi alipika bila kugawa, najua Mama Zaina alimwambia mumewe mara ngapi kwamba shati lake la njano lilimfanya aonekane kama ndizi iliyoachwa. Yeye alichomjibu sikijui, kwa sababu Papa Sumaili alikuwa na sauti ndogo kupita kiasi. Alitengeneza baiskeli pale sokoni, na wateja wake walizoea kuinama ili wamsikie, hata ukipita kwa mbali ungefikiri watu wanamsujudia mtu mwenye pampu. Jioni tulikula pamoja, wali wa Kasongo na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa mpaka ikakubali, mawese juu yake, na samaki. Mama Zaina alinipa vichwa vya samaki akisema vinaongeza akili. Sikuona vikiongeza, ila nilivipenda.

Lakini Jumamosi alasiri Papa Sumaili alikuwa mtu mwingine. Fundi Katambwe, mtengeneza redio, alikuwa na televisheni, mashine ya kanda, na jenereta ambayo sisi tunaiita grupu. Alikuwa pia na kanda kumi na moja za katuni moja, alizoachiwa na mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kwao Bukavu. Hazikuwa na jina, zilikuwa na namba tu. Lugha iliyosemwa ndani yake hakuna aliyeijua. Hata padre aliyesoma ng'ambo aliletwa kusikiliza, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akasema labda mashine ndiyo mbovu. Fundi akataka kuzitupa. Papa Sumaili, kwa sauti yake ile ya kuinamiwa, akasema: funga sauti, mimi nitawasemea. Ndivyo ilivyoanza, miaka mitatu kabla sijafika. Alikaa nyuma ya kitambaa pembeni ya televisheni, mikro mkononi, imefungwa kwenye spika ya redio kwa waya mfupi, na mule ndani ya spika ilitoka sauti nene kama pipa linaloviringishwa. Mimi sielewi ilikuwa inakaa wapi siku nyingine za juma.

Mhusika mkuu alikuwa ndege mnene mwenye madoa, amevaa kofia, ameshika mwavuli. Kwa wenyewe waliomchora sijui alikuwa ndege gani. Sisi tuliona madoa, tukasema kanga. Fundi Katambwe akaangalia kofia, akaangalia mwavuli, akaangalia tumbo, akatoa hukumu: "Huyu iko mwanaume. Tena iko na cheo." Hakuna aliyepinga. Na hapa sina budi kusema ukweli dhidi yetu sote: hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kufuga kanga, na kila anayefuga kanga anajua kwamba dume na jike wamefanana mpaka ununue wawili na usubiri ujionee. Tulilijua hilo la kanga wa uwanjani, hatukulijua la televisheni. Basi akawa Bwana Kanga, mtu wa Kasongo, mwenye kujisifu, mwenye kumwogopa mama mkwe kuliko mamba, na mwenye kujificha kila mjumbe wa chifu anapopita. Mamba naye alikuwamo kweli, na huyo alisemewa na Fundi mwenyewe.

Kwenye arobaini, tukingoja chakula baada ya dua, watu wazima wenye matumbo yao walikaa kwenye mikeka wakigombania mambo hayo kama urithi. Waliokuwa watoto wa Jumamosi sasa ni walimu, wachuuzi, mmoja ni muuguzi. Mwalimu akaapa kwamba kanda zilikuwa zaidi ya mia moja. Nikamwambia zilikuwa kumi na moja, na kwa miaka mingi tulitumia kumi. "Mama, usinicheze. Mimi niliona ile ya Kanga anatafuta mahari, ile ya Kanga na polisi, ile ya Kanga anaenda Hija." Nikamwambia zote tatu ni kanda namba sita, ile anayopanda mlima na gunia. Gunia lilikuwa mahari mvua za kwanza, likawa mali ya magendo kiangazi, na lilipofika mfungo likawa mzigo wa msafiri. Mwalimu akawa kama mtu aliyeambiwa shamba lake lina mipaka mingine. Muuguzi akauliza kwa nini kwao Bwana Kanga mvua haikukoma. Haikuwa mvua, ilikuwa mikwaruzo ya kanda, ila Papa Sumaili alianza kila onyesho kwa kusema, "Leo tena mvua! Na mwanamuke wangu amenitia inje," na watoto wakaja wakijua kwamba nchi ile ni ya mvua. Na yule mamba aliyekuwa anaruka ghafla kutoka mtoni mpaka kitandani? Mashine ilikula kipande cha kanda namba nne, tukasema mamba ni mganga. Amuri, ambaye alisema habebi maneno, alibeba hili mpaka kwenye mikeka mingine mitatu.

Kazi yangu ilikuwa sauti ndogo. Nilisema wake, watoto, chura na mama mkwe, na nilifanya vishindo. Nyayo za Bwana Kanga zilikuwa ndala mbili nilizovaa mikononi, nikitembea nazo juu ya changarawe ndani ya karai. Mbawa zilikuwa kitenge kilichokung'utwa. Meno ya mamba yalikuwa muhogo mkavu, nao niliung'ata kwa nguvu mbele ya mikro, ndiyo maana jino langu hili la kushoto limepasuka. Daktari aliniuliza nimepigwa na nini nikaona aibu kusema nilikuwa mamba. Nilianza kazi ile kwa bahati tu, kwa sababu aliyekuwa anaifanya aliolewa, na Papa Sumaili alinisikia nikimwiga Mama Zaina uani. Mama Zaina pia alinisikia. Siku ile sikupewa kichwa cha samaki.

Kulikuwa na sheria moja iliyoitwa kuonja. Kila Alhamisi alasiri tuliketi sisi watatu, tukaitazama kanda ya Jumamosi kwanza, tukiwa tumefunga mlango, Papa Sumaili akajaribu maneno, Fundi akakataa mengine, mimi nikaandika ni wapi pana kishindo. Bila kuonja hakuna onyesho. Kanda namba kumi na moja ilikuwa haijawahi kuonjwa kwa sababu ilikuwa na ukungu, mashine iliitema kila ilipoingizwa. Juma lile Fundi alikuwa ameisafisha kwa kitambaa na pombe kali, ikakubali kuingia, na habari ikaenea Kasongo nzima kwamba kuna Kanga mpya. Alhamisi ikafika, mafuta ya grupu hayakufika. Gari lililoyaleta lilikuwa limekwama njiani na hakuna aliyejua ni tope lipi. Ijumaa, hakuna. Jumamosi adhuhuri dereva akaingia, amejaa udongo mpaka kwenye kope, na watoto walikuwa tayari wamepanga foleni, kila mmoja na kiti chake: kigoda, tofali, sufuria iliyofudikizwa. Nikasema, kwa kweli nilisema, ingawa Fundi baadaye alikana: "Hatujaonja." Fundi akajibu: "Kuonja nini? Kanga tuko naye miaka tatu. Atafanya nini mupya?"

Nusu ya kwanza ilienda vizuri. Bwana Kanga alitembea kando ya mto, akajisifu, akamtukana mamba akiwa mbali. Papa Sumaili alikuwa kwenye siku yake. Watoto walicheka mpaka vigoda vikaanguka. Kisha ndege akaingia katika majani marefu, akavua kofia, akaitundika juu ya mwavuli, akakaa. Akatulia. Akafumba macho. Papa Sumaili akamsemea: "Aaa, mutu mukubwa anapumuzika." Ndege akasimama. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na mayai matano, meupe, yanang'aa kama yamesuguliwa kwa mchanga.

Kisha mtoto mmoja akasimama katikati ya ukumbi: "Bwana Kanga ametaga!" Amuri anasema ni yeye. Mwalimu anasema ni yeye. Muuza viatu mmoja, ambaye mimi nina hakika alikuwa hajazaliwa, naye anasema ni yeye. Mwingine akapaza: "Mwanaume hatagi, wewe!" "Lakini angalia, ametaga!" "Labda amelogwa!" "Na mwanamuke wake atasema nini?" Mdogo mmoja mbele akaanza kulia. Nyuma ya kitambaa Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilimwangalia Papa Sumaili. Mikro ilikuwa mkononi mwake, karibu na kidevu, na yeye alikuwa amekodoa macho kwenye yale mayai, kimya. Kimya chake kilikuwa kirefu. Kwenye televisheni ndege alikuwa anayafunika mayai kwa koti lake, na hakuna aliyemsemea. Hapo ndipo penye shida yangu yote. Kinachofuata nakumbuka hivi: mikro iko kinywani mwangu, na sauti inatoka ambayo sikuipanga, sauti ya mwanamke mwenye makeke: "Munaniangalia nini hivyo? Mimi siyo Bwana Kanga! Mimi ni dada yake wa Kabambare. Kaka ameenda Lusangi kuchimba dhahabu, ameniachia kofia na mwavuli. Na ninyi hamuna hata adabu ya kusema pole na uzazi!" Watoto wote pamoja wakasema, "Pole na uzazi, Mama!" na vifijo vikafuata mpaka bati likalia. Fundi Katambwe alinikumbatia. Papa Sumaili alikuwa amekaa, mkono wake bado uko hewani karibu na kidevu, hauna kitu.

Tungeweza kusema Jumamosi iliyofuata kwamba kaka amerudi. Tulijaribu. Ndege alipotokea tu watoto wakauliza: huyu ni kaka au ni dada? Kama ni kaka, dada yuko wapi, tumsalimie, tuone watoto wake. Walitaka kuwaona wote wawili pamoja, na kanda ya kuwaonyesha wawili haikuwako duniani. Kwa hiyo Fundi akaamua: Dada anabaki, Bwana yuko Lusangi. Na kwa kuwa Dada alikuwa sauti yangu, nikapewa mikro, na Papa Sumaili akapewa ndala zangu na karai langu. Jioni ile ya kwanza Mama Zaina alipakua chakula bila kusema kitu, akanisogezea sahani kwa ncha ya kidole. "Dada ya Kanga, kula." Kichwa cha samaki kilikuwepo. Mpaka leo sijui kilikuwa na maana gani.

Kesho yake alfajiri nilisikia maneno yakipanda juu ya ukuta. Mama Zaina alikuwa anasema, na hakuwa anajificha: "Niambie ukweli. Yule mutoto alikunyang'anya, ao ulimupa?" Nilikaa kitandani. Nilishika hata godoro lisilie. Nikasikia Papa Sumaili anakohoa, anajiandaa, na wakati ule ule jogoo wa Mama Zaina, aliyekuwa analala juu ya tofali nyuma ya chumba changu, akawika. Hakuwika mara moja. Alipomaliza, kule chumba cha pili walikuwa wanazungumza habari ya chumvi. Sijawahi kumchukia kiumbe kama nilivyomchukia jogoo yule, na alipochinjwa sikukuu nilikula mapaja yote mawili.

Kwa haki, niandike pia jinsi Papa Sumaili alivyokuwa mtu wa vishindo. Alikuwa mbaya. Maji yake yalimwagika mamba akiwa ameshatoka mtoni na kujikausha. Nyayo zake zilikuwa za mnyama mwenye miguu mitatu, mmoja unachechemea. Watoto walicheka, naye akacheka nyuma ya kitambaa, na mimi nilimtazama kwa pembeni nikitafuta kama kicheko kile kinamuuma, nikakosa kuona. Lakini mbawa zake zilishinda zangu: alilowesha kitenge kwanza. Mimi sikuwahi kufikiria kukilowesha.

Watoto walianza kumletea Bwana Kanga vitu vya kupelekwa Lusangi: karanga, kamba ya ndala, barua iliyosema "Rudi, dada yako iko mukali." Halafu siku moja mchimbaji wa kweli alitoka Lusangi kuja sokoni kununua sabuni, watoto wakamzunguka: unamjua Bwana Kanga? Ni mfupi, mnene, anapenda kujisifu. Yule mtu, mgeni mwenye adabu, asiyependa kuwavunja moyo watoto wa watu, akasema: "Huyo mufupi? Namujua sana. Ameoa kule." Nilikuwa cherehanini niliposikia kilio kinapita barabarani. Bwana Kanga ameoa Lusangi! Mama mkwe atafanya nini! Kufikia magharibi hata watu wazima walikuwa wanaulizana, na mzee mmoja wa msikitini alimwuliza Papa Sumaili kwa uchungu kabisa kama mke wa kwanza alitaarifiwa.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikuwa natafuta la kusema, Papa Sumaili akanigusa bega, akachukua sufuria kubwa ya Mama Zaina aliyokuja nayo chini ya koti, akaingiza kichwa chake ndani, akaniashiria nisogeze mikro. Na kutoka mule ndani, kama kutoka chini ya shimo la dhahabu, ikaja ile sauti ambayo Kasongo ilikuwa haijaisikia kwa miezi miwili: "Ni uongo! Sijaoa! Huku chini hakuna hata mwanamuke, kuna tope!" Siwezi kueleza kilichotokea. Watoto walisimama juu ya viti vyao, wakamjibu wote kwa pamoja, wakamwuliza kama anakula, kama anaumwa, na yeye akajibu kila mmoja kutoka sufuriani, jasho linamtiririka, sufuria bado inanuka sombe. Tangu hapo kila juma alikuwa na nafasi yake ya kusalimia kutoka shimoni, na watoto waliingoja nafasi hiyo kuliko maneno yangu yote. Niliona wivu kidogo. Naandika kwa sababu nimeahidi haki, na haki inanihusu na mimi.

Nilikaa na mikro ile miezi kumi. Nilipomaliza ushonaji nikarudi Kabambare, na Jumamosi iliyofuata Papa Sumaili akatangaza kwamba Dada amerudi kwao na watoto wake, na kwamba Bwana Kanga amechoka na dhahabu. Kanda namba kumi na moja haikuonyeshwa tena. Aliendelea miaka mingi, mpaka mashine ikafa. Nilipita Kasongo mara kadhaa, nilikula kwake, alinitengenezea baiskeli, na kila mara nilifungua kinywa nimwulize kisha nikauliza habari ya afya. Halafu akafa, na nikajua kwamba sasa nitaulizwa mimi.

Mama Zaina aliniita chumbani wakati wengine wanangoja wali uive. Alikuwa ameketi mkekani, amezeeka, amekuwa mdogo, anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole ambavyo havijapunguza mwendo. Hakuanza na habari za safari.

"Feza. Ulimunyang'anya bwana yangu mikro?"

"Mama, katika daftari nimeandika alinipa." Akaendelea kuchambua. Nikaona siwezi. "Lakini mukono wangu unakumbuka kuvuta."

"Mukono iko na akili kuliko daftari. Ulivuta mpaka ule waya ukamukata kidole. Mimi ndiye nilimufunga."

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima nyuma ya pikipiki ya Amuri, maneno mazuri, na sasa yalikuwa yamemwagika kwenye mashimo yote ya barabara. "Mama, unisamehe. Nilimuona amenyamaza. Nilifikiri ameshindwa."

"Ngoja kwanza. Unaomba kusamehewa, nawe hujui hata ulichukua nini." Akaweka ungo chini. "Hakushindwa. Alikuwa anatafuta neno. Yule mutu, kama neno si lenyewe, halitoki. Mimi mwenyewe alikuja kunichumbia mara tatu, mara zote akanywa maji, akaenda. Siku ile ya mayai alilipata. Alikuwa amefungua kinywa, wewe ukavuta."

Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama yake marehemu, ni neno gani. Mama Zaina akajiweka sawa mkekani, akatoa tumbo mbele, akanyoosha shingo, mjane wa siku arobaini: "'Munashangaa nini? Haya mayai nilinunua sokoni. Niko nayakalia tu, maana nawajua watu wa Kasongo na mikono yao.'"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaelewa. Kwa neno lile Bwana Kanga angebaki bwana. Kusingekuwa na dada, wala Lusangi, wala ndala mikononi, wala kichwa sufuriani. Miezi kumi ile ilikuwa yake, na neno lake lilikuwa bora kuliko langu mara saba. Nikamwuliza mbona hakuwahi kuniambia.

"Alisema mutoto amefurahi, na watu wamecheka, basi. Lakini nisikudanganye, alikuwa na wivu. Siku tatu hakula vizuri. Siku ya ine akakula." Akachukua ungo wake tena. "Alikuwa ananisemea lile neno mimi tu, hapa, miaka yote hii. Nimechoka kulicheka peke yangu. Wako inje wanakungoja ufanye Dada. Usifanye Dada."

Nje walikuwa wameanza kupiga makofi: Dada, Dada, Dada wa Kabambare. Niliwaambia wakae. Niliwaeleza kwanza habari ya mikro, kwamba hakunipa, nilivuta, na kidole kilichokatwa, na Amuri akasema "Yee, Mama Feza!" kana kwamba nimeiba ng'ombe. Nikawaambia kwamba kile kimya walichokisikia wakiwa wadogo hakikuwa cha mtu aliyeshindwa. Kisha nikatoa tumbo mbele, nikanyoosha shingo, nikanenepesha sauti kadiri ya uwezo wangu, nikasema lile la mayai ya sokoni. Walicheka, mwalimu alijifuta macho, na mimi niliona nimefanya vema, mpaka Mama Zaina alipotokea mlangoni na ungo wake.

"Siyo hivyo," akasema. "Umekimbiza. Yeye alinyamaza kwanza. Rudia."

Nikarudia. Nikasimama mbele yao, nikakodoa macho kwenye mkeka kama kuna mayai matano, nikanyamaza, nikaendelea kunyamaza, na kabla sijafungua kinywa walikuwa wameshaanza kucheka.